Siku Niliyomwambia Mama Asukulu Apunguze

Haya, vijana wangu, mmeniomba na nimekubali. Mnataka niwaandikie namna ya kununua chakula cha familia katika hizi supamaketi za bei nafuu bila mshahara kukauka kabla ya wiki kwisha. Mmemwomba anayejua. Nimekuwa keshia, nimepanga bidhaa, nimesukuma toroli kwenye theluji, kwanza Louisville, kisha Columbus, kisha hapa Buffalo, mpaka magoti yakasema basi, inatosha. Sasa nimestaafu, nakaa karibu na Grant Street, nakunywa chai yangu, na haipiti siku simu haijalia: Bibi Mwavita, mchele wiki hii uko nafuu wapi? Nitawaambia yote. Ila kuna neno moja nililomwambia mtu, neno la akili kabisa, hata nyinyi mngelisema, na tangu siku ile sijalirudia kwa mwingine. Na hilo nitawaambia, msije mkasema bibi aliwaficha.

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, mcheke kwanza.

Mnajua toroli za maduka haya zinafungwa kwa mnyororo, unatia sarafu ndipo inafunguka, ukiirudisha, sarafu inatoka. Nani aliniambia mimi, mtoto wa Ujiji? Nilidhani ile sarafu ni kodi ya toroli. Mwezi mzima kule Louisville nikinunua, napakia mifuko, naiacha toroli katikati ya uwanja na sarafu yangu ndani, naondoka zangu kwa heshima. Watu wananikimbilia kuichukua toroli yangu, nami nasema moyoni, loo, Wamarekani hawa wana adabu! Siku moja akatoka meneja, mama mmoja mweusi mnene anayechechemea mguu wa kushoto, jina lake Bi. Loretta. Akaniuliza, "Wewe ndiye unayetuachia sadaka kila Jumamosi?" Akacheka mpaka akashika mlango. Wiki iliyofuata akanipa kazi, akasema mtu mkarimu hivi bora awe ndani.

Huyo ndiye mwalimu wangu. Alichonifundisha mwaka wa kwanza mnaweza kukibeba mpaka uzee. "Inama," aliniambia. "Vya bei ghali wanaviweka usawa wa macho. Vya kwako viko magotini." Mpaka leo nikiingia dukani naanza kutazama chini. Akanifundisha kusoma ile karatasi ndogo ya rafuni, siyo bei kubwa inayopiga kelele, bali yale maandishi madogo yanayosema kila kipimo ni senti ngapi, maana kuna siku mfuko mdogo ni nafuu kuliko mkubwa na wao wanajua hutatazama. Akanifundisha kopo lililobonyea. Likibonyea tumboni, chukua, ndani ni salama. Likibonyea kwenye ukingo, au likivimba ukalibonyeza kwa gumba likarudi lenyewe, weka chini na unawe mikono. Nyama, nenda asubuhi duka likifunguliwa, ndipo wanapobandika stika ya punguzo kwenye ile inayokaribia tarehe yake. Mboga za friza hazina aibu yoyote. Na usiende na njaa, na usiende na watoto.

Nilimwuliza siku moja kama kuna jambo ambalo keshia haruhusiwi kabisa. Nilidhani atasema kuiba. Akasema, "Usimuulize mteja ananunulia nani."

Akanionyesha kwa kidevu mzee mmoja wa Kizungu, msafi, kofia mkononi. Alikuja kila Jumanne. Vipande viwili vya kuku, viazi viwili vikubwa, na chupa ya bitiruti za siki. Mke wake alikufa zamani, Bi. Loretta alikwenda kwenye maziko. Na zile bitiruti mzee mwenyewe hazili, zinamtoa vipele, mji mzima unajua. Nikasema basi maskini anazitupa. Bi. Loretta akaniambia kwamba kila Jumanne mzee anarudisha chupa ya wiki iliyopita, imeoshwa, na kwenye kifuniko mara nyingi kuna rangi ya mdomo. Nikampigia mzee hesabu yake, na chupa ile niliishika kwa ncha za vidole.

Columbus nilikwenda kumfuata binti yangu alipojifungua. Huko ndiko nilikoona kazi yetu inabadilika. Wakaleta mashine za mteja kujilipia mwenyewe, mimi nikawekwa mlinzi wake. Mnazijua: unaweka kitu kwenye mizani, sauti ya mwanamke inakushukuru. Usipoweka vizuri inakugombeza. Asubuhi moja hatujafungua, duka tupu, nafuta vioo, ile ya mwisho ukutani ikasema kuna kitu kwenye mizani ambacho hakijalipiwa. Nikatazama. Hakuna. Nikafuta. Ikasema tena. Nikasoma dua niliyojaliwa kuijua. Fundi alipokuja akasema ni vumbi, akaipuliza, na aliposogea ikamwambia na yeye vilevile. Akaizima ukutani na hakutania tena siku ile. Basi ikisema hivyo kwenu, msibishane nayo. Subirini mhudumu.

Sasa Buffalo.

Duka letu lilikuwa upande wa Kenmore. Wenye magari walikuja kutoka hata Amherst, maprofesa na wake zao, wameficha nyuso kama wamekuja kwa mganga. Wetu walikuja kwa basi. Mama Asukulu nilimkuta kwenye rafu ya unga. Mbembe wa Fizi, Kongo. Mwembamba, mpole, anafunga vifurushi ghalani, zamu inayoanza saa tisa mchana. Toroli yake ilikuwa imejaa: unga wa mahindi, mchele, maharage, samaki wa friza, ndizi, maziwa, na kila kitu amekitoa usawa wa macho. Nikashindwa kunyamaza. Nikamwinamisha, nikamwonyesha vya magotini, akafurahi.

"Asante, Mama Mwavita. Batoto bangu banapendaka sana mucele."

"Una watoto wangapi?"

Akanitazama kama nimemtemea mate. "Batoto habahesabiwake, mama."

Ni kweli, na mimi nilijua. Hata kwetu Kigoma watoto wa mtu huwanyooshei kidole ukasema mmoja, wawili. Unasema Mungu amemjalia. Nikaomba radhi. Lakini keshia ni keshia, macho yalishahesabu kwa chakula chenyewe. Chakula kile kilikuwa cha watu watano.

Alikuja hivyo kila Jumatano asubuhi, tukazoeana, akawa mdogo wangu kabisa. Kisha ikaja Jumatano ya theluji ambayo mabasi hayakutembea. Mimi ilikuwa siku yangu ya mapumziko, nilikuja kununua vyangu. Nikamwambia panda gari nikupeleke. Alikaa ghorofani, nyumba ya mbao kama zetu zote upande huu. Mlangoni pamepangwa kandambili jozi tano, kubwa mpaka ndogo. Nikavua viatu. Nyumba kimya.

"Watoto wako shule?"

"Beko kambini," akasema, akaanza kupanga vitu kwenye friji.

Donc, yaani basi, kama wasemavyo wao, nikakaa nikasikiliza. Yeye alikimbilia kambi ya wakimbizi kwetu Kigoma akiwa msichana, na jina lake liliandikwa kwenye karatasi za kaka yake. Akaolewa humo humo, akazaa, mume akafa, na karatasi hazikubadilishwa. Kaka alipoitwa Marekani, yeye akaitwa pamoja naye, na watoto hawakuwamo. Akaambiwa tangulia, kesi yao ya uhamiaji itafuata haraka, ukikataa mtabaki wote. Akawaacha kwa mama yake mzazi. Asukulu, mkubwa, ndiye aliyembeba Alimasi mgongoni siku ya kuagana, Alimasi hajaacha ziwa. Sasa ilikuwa imepita miaka, na kila akipiga simu ofisini anaambiwa mwezi ujao.

Huku anasimulia anapika. Ugali, maharage, samaki. Akapakua sahani tano, akaziweka mezani kila moja na kiti chake, na kando ya ndogo kuliko zote akaweka kikombe cha maziwa. Akaomba, akaita majina, akala yake. Nikaambiwa ndivyo ifanywavyo kila siku kabla ya zamu.

Nikamwuliza, "Na hicho kingine kinakwenda wapi?"

"Si batoto banakula."

Alisema hivyo kama mtu anayekwambia leo kuna baridi. Akanipeleka chumbani anionyeshe nguo alizowanunulia, kila mwaka saizi mpya kwa kukisia. Hatukukaa sana. Tuliporudi mezani nikatazama ile sahani ndogo. Ugali ulikuwa umemegwa pembeni. Tonge moja limetoka, na pale lilipotoka pana shimo la gumba lililotosha kidole changu cha mwisho tu. Mchuzi umechovywa.

Vijana, mimi ni mtu wa stoo. Najua jino la panya, najua ukucha wa paka, nimetupa magunia mangapi kwa ajili ya hao. Nikainama chini ya meza. Nikaenda mlangoni, mnyororo uko mahali pake. Mama Asukulu alikuwa nami chumbani, mikono yake imeshika gauni. Mimi sisemi niliona kitu. Nasema ugali ulikuwa umemegwa.

Niliogopa, na mimi nikiogopa huwa mkali. Badala ya kunyamaza kama Bi. Loretta alivyonifundisha, nikafungua mdomo. Nikamwambia, "Mama Asukulu, una wazimu wewe? Unapika cha watano, mlaji mmoja! Huko kambini mama yako anasaga mgao wa mahindi, huku unawapakulia hewa! Punguza. Nunua chako, hela inayobaki watumie wale chakula cha kweli."

Semeni nyinyi, nilikosea wapi? Lilikuwa shauri zuri. Ningempa yeyote.

Akakunja kitambaa cha meza, akakikunjua. Halafu akaniuliza polepole, "Bon, sawa. Nianze kumutoa nani?"

Hapo ndipo ningeondoka. Ningevaa viatu vyangu nirudi kwangu. Badala yake nikanyoosha kidole, mimi Mwavita, nikahesabu viti: mmoja, wawili, watatu, wanne. Nikakigusa kile cha mwisho. "Anza na mdogo," nikasema. "Anakula kidogo. Hatajua."

Jumatano iliyofuata toroli yake ilikuwa nyepesi. Hakuna kile kidumu kidogo cha maziwa. Nikampigia hesabu huku najisifu, haba na haba hujaza kibaba, nikamsifu na yeye. Akaniambia ameondoa kiti kimoja na amewatumia mama yake pesa. Uso wake haukuwa na furaha, lakini nani aliangalia uso? Mimi niliangalia risiti.

Jumatano ya tatu tangu ile ya theluji aliingia bila toroli. Akapita foleni yote, watu wananung'unika, akaniwekea simu sikioni nikiwa kaunta. Alikuwa mama yake, kutoka kambini.

"Pesa imefika, asante sana," yule bibi alisema. "Tunakula muzuri. Ila mutoto huyu Alimasi, hatuelewi. Anakula pamoja na benzake, anamaliza, na analia njaa. Anakula tena, analia njaa. Kaputula inamuanguka. Dispensari bamemupima, habaoni kitu. Ilianza ile Jumatano ya juma tatu zilizopita. Anauliza mama yake alimutoa mezani juu ya nini."

Nikamrudishia Mama Asukulu simu. Nikamwuliza kwa sauti ndogo nani alimwambia mtoto habari za meza.

"Mie sikusema," akajibu. "Kwa mutu hata mumoja, sikusema." Kisha pale pale mbele ya watu akanishika mkono wa sare yangu na kusema, "Mama Mwavita, mutoto wangu anakufa. Umurudishe."

Umurudishe, aliniambia mimi. Kwa sababu mimi ndiye niliyemtoa.

Niliacha kaunta. Miaka yote ya kazi sikuwahi kuacha kaunta na foleni imesimama, siku ile niliacha. Niliingia rafuni na sikuinama. Nilichukua maziwa mazito ya bei ya juu, samaki mbichi, ndizi nzuri zisizo na doa, unga wa kwanza uliogusa mkono wangu, na sikusoma karatasi yoyote ndogo. Nikatupa noti kaunta; meneja ananiita, simsikii. Tukapanda gari langu. Ilikuwa kama saa tano asubuhi, jua limewaka juu ya theluji mpaka macho yanauma. Kambini ilikuwa jioni.

Tulipika sote wawili, mikono inagongana sufuriani. Kiti kilikuwa nyuma ya mlango wa chumba, kimegeuzwa kikitazama ukuta. Nikakirudisha mwenyewe. Akapakua, nikamwambia ongeza, akaongeza, nikamwambia ongeza tena. Akaita majina. Alipofika kwa Alimasi akaanza upya majina yote mpaka akalitoa. Tukaenda chumbani tukafunga mlango, tukakaa kitandani tumeshikana mikono, Mkristo na Mwislamu, kila mmoja anaomba kwa namna yake. Hatukusikia chochote. Hata bomba la joto lilikuwa limenyamaza.

Tulipotoka, sahani za wale watoto watatu zilikuwa vilevile, zinapoa. Sahani ndogo ilikuwa nyeupe. Imefutwa kwa kidole, mistari ya kidole imebaki kwenye mchuzi uliokauka. Kikombe kilikuwa kimelala ubavu, na tone la maziwa linatembea mezani.

Simu ikalia kabla sijakaa. Bibi wa kambini alikuwa analia. Alimasi amelala, alisema, mara ya kwanza tangu siku zile amelala bila kulia njaa, na tumbo lake limejaa kama ngoma.

Tangu hapo, kila Jumatano, sehemu ya Alimasi nilinunua mimi. Sikumwambia mtu kazini. Mwaka ukapita, na nusu ya mwingine. Nilikwishastaafu siku kesi ilipofunguka wakaja, wote, na bibi yao. Uwanja wa ndege Mama Asukulu alianguka sakafuni akawakumbatia miguu. Nililia mpaka nikaona aibu. Watoto walinisalimu vizuri, shikamoo bibi, mkono kwa mkono, ila mdogo alisimama nyuma ya Asukulu na hakutoa mkono. Nikasema ni safari, amechoka.

Nyumbani tukawapakulia. Hakuna aliyewaonyesha viti. Alimasi alikwenda moja kwa moja kwenye kile cha mwisho, akapanda, akavuta sahani ndogo. Mama yake akaacha kupakua, akaniangalia, nami nikajitia kucheka. Nikachota samaki kwenye sufuria nimwongezee, kipande kikubwa kuliko vyote, nikainama upande wake.

Akaifunika sahani kwa mikono yote miwili, akaivuta kifuani. Macho yake hayakuwa usoni kwangu. Yalikuwa kwenye kidole changu.

"Mama," akasema, "huyu bibi asikae hapa."

Mama Asukulu aliona haya, akamkemea. "Alimasi! Huyu ni Bibi Mwavita. Haumujue hata, umefika leo tu."

"Ninamujua," mtoto akasema.

Nikakirudisha kipande sufuriani. Nikachukua sahani yangu, nikaenda kula jikoni, nimesimama. Wananipenda pale nyumbani, wananiita kila sikukuu, na mpaka leo nikienda, jikoni ndiko ninakokula.